Kadi ya Chungu cha Chini ya Ngazi

Walinipa kazi ya kuandika wasifu wa Nakundwa kwa sababu nilikuwa mwalimu na kwa sababu nilikuwa rafiki yake, na watoto wake waliona sababu hizo mbili zinatosha. Niliketishwa katika chumba cha mjukuu, nikapewa meza ya plastiki, karatasi za mistari na kikombe cha chai ya tangawizi. Nje wanaume walikuwa wakichimba kaburi na wanawake wakichambua maharage ya makande ya waombolezaji. Jina kamili nililiandika. Niliandika kuzaliwa, kubatizwa, ndoa, watoto sita, na wajukuu ambao idadi yao ilileta ubishi mlangoni kabla haijakubaliwa. Nilipofika mahali pa kueleza ujana wake, kalamu ilisimama. Binti yake mkubwa alichungulia akaniuliza, "Mama mdogo, umekwama wapi?" Nikamwambia macho yamechoka. Nilimdanganya mtoto wa watu siku ya msiba wa mama yake. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimefika kwenye mwaka ule tuliokaa pamoja, Nakundwa, mama yake na mimi, katika kibanda kilichokuwa nyuma ya nyumba ya mawe ya Bwana Pelham, na sikupata sentensi ambayo mchungaji angeweza kuisoma mbele ya watu. Mwishowe niliandika, "Ujana wake aliutumia kumsaidia mama yake." Ni kweli, wala haitoshi. Baada ya mwaka ule hatukusalimiana kwa miaka mitatu. Kisha siku moja katika soko la Same alinitwisha mkungu wake wa ndizi bila kuniuliza, nikamsindikiza nao mpaka njia ya mlimani, na urafiki ukaendelea hadi juzi tulipomzika Vudee. Jambo lenyewe hatukuwahi kulitaja. Tulikuwa wawili tuliolijua, sasa nimebaki mmoja, na naona ni haramu kwenda nalo kaburini. Habari za wazazi wangu na nyumba niliyozaliwa nitaziacha, maana hazina neno katika haya.

Ilikuwa miaka michache kabla ya Uhuru, Waingereza wangali wameketi vizuri vitini mwao. Mimi nilikuwa chuo cha ualimu, mwaka wa mwisho, na mwalimu mkuu wetu, mama wa Kizungu aliyekuwa akitukagua kucha kila asubuhi, alipokea barua kutoka kwa mpima ardhi mmoja mstaafu. Bwana huyo alitaka mwanafunzi mwenye mwandiko mzuri, ajuaye Chasu, Kiswahili na Kiingereza, amsaidie kuorodhesha vitu vyake kabla hajarudi kwao. Nilichaguliwa. Mwalimu mkuu alisema nimechaguliwa kwa kuwa mwandiko wangu ni safi na mdomo wangu ni mfupi, na nilibeba sifa hiyo ya mwandiko kichwani kwa uangalifu kuliko sanduku langu la bati. Kwa kuwa nilikuwa msichana, ilipangwa nilale kwa mwanamke aliyekuwa akifagia nyumba ile, mjane mwenye binti wa rika langu. Mwanamke huyo jina lake la kuzaliwa lilikuwa Nanzighe, kwa ajili ya nzige waliokula mashamba mwaka aliozaliwa, lakini wote tulimwita Mama Nakundwa.

Nyumba ilikuwa juu ya Same, kwenye njia ya kupanda Vudee, mahali ambapo joto la nyika linakuacha na baridi ya milima haijakupata sawasawa. Ilijengwa na Mjerumani mmoja mlowezi aliyefyeka msitu apande kahawa, kahawa ikamkatalia. Baada ya vita vya kwanza ilipita mikono kadhaa mpaka ikamfikia Bwana Pelham. Kuta zilikuwa nene kiasi kwamba ukikaa dirishani miguu haifiki chini wala mgongo haugusi kioo. Kutoka barazani uliona bati za Same, reli, na mbali upande wa Makanya nchi kavu yenye vumbi jeupe. Gari moshi likipita, moshi wake uliuona muda mrefu kabla ya kusikia sauti. Ndani, vyumba vitatu Bwana alivigeuza makumbusho. Chumba cha mbele kilikuwa cha Mjerumani mwenyewe: kitanda chake cha chuma, taa zake, tandiko la nyumbu, na piano ambayo mchwa walikuwa wameimaliza miguu, ikakaa juu ya matofali. Cha pili kilikuwa cha silaha na vyuma, mishale, visu, majembe ya wahunzi wetu wa zamani. Cha tatu kilijaa vitu vya majumbani mwetu, vinu, vigoda, vibuyu, mitungi, vitu ambavyo mimi nilikuwa nimevikimbia kwa kwenda shule, sasa navikuta vimewekwa mezani na kufunikwa kitambaa wadudu wasivichafue. Siku ya kwanza nilitaka kucheka. Bibi yangu angeambiwa kwamba mwiko wa ugali una namba, angedhani Wazungu wameugua.

Kazi yenyewe niliipenda, na sitajifanya kwamba sikuipenda. Kulikuwa na kadi ngumu za rangi ya maziwa, na kila kadi ilikuwa na mistari sita: namba, jina la kitu, vipimo, kilikotoka, matumizi, maelezo. Nilipewa kalamu ya kuchovya, kichupa cha wino mweusi na futi ya kitambaa kama ya fundi cherehani. Bwana Pelham alikuwa mzee mrefu, mpole, mwenye madoa mikononi, na Kiswahili chake kilikuwa cha amri tu: lete, ondoa, polepole, bado. Kiingereza alikizungumza nami kana kwamba mimi ni mtu, na hilo kwa msichana wa miaka kumi na minane wakati ule lilikuwa jambo la kulewesha. Alinieleza mpango wake. Vitu bora vingefungwa makasha viende Uingereza, kwa chuo kimoja alichosoma zamani. Vingine vingebaki na nyumba. Aliviita vya daraja la kwanza na vya kubaki. Nilikuwa naandika kadi, yeye anaisoma jioni akinywa chai, kisha anaweka alama pembeni kwa kalamu nyekundu. Kadi yenye maelezo marefu ilimfurahisha. "Andika kila unachojua, Eliwaza," alikuwa akisema, "kitu kisicho na habari ni takataka tu."

Mchana nilikula jikoni na Mzee Rashidi, mpishi aliyetoka Makanya, aliyeweza kumpikia Bwana supu na viazi vya kuponda huku akiapa kwamba yeye hawezi kula chakula kisicho na ladha. Jioni nilikula kibandani. Mama Nakundwa aliinjika makande tangu mchana kwa moto mdogo, na tulipokaa kula kulikuwa na maswali yake ambayo yalikuwa ya mzaha uso ukiwa mkavu kabisa. "Shikamoo, Mama," ningesema nikiingia. "Marahaba. Leo mwalimu umepima nini? Kile kinu kimerefuka tangu jana?" Nakundwa angecheka mpaka atemee makande kanga yake. "Usicheke," mama yake angemwambia, "mwenzio anasomea. Akimaliza kupima vinu vyote vya Upare atakuja kupima hiki changu, tujue kama kinatosha kutwangia." Nilikuwa nikikasirika kidogo, kisha nacheka. Mwanamke yule alikuwa mwembamba, mwenye mkono mwepesi, na nilidhani nimemjua kwa wiki mbili tu.

Kitu kimoja kilinishangaza. Nyumba ile ilikuwa na vumbi la kutosha watu watano, lakini Mama Nakundwa alianza kila asubuhi mahali pamoja, chini ya ngazi ya mbao, penye giza, palipotupwa vitu ambavyo havikupata nafasi vyumbani. Alipafagia kwa ufagio mfupi, amepiga magoti, polepole. Siku niliyofika na kadi zangu kwenye kona ile, nilikuta mitungi iliyopasuka, taa mbovu, kigoda cha miguu mitatu, matandiko yaliyooza, na nyuma kabisa chungu kinachofika gotini, mdomo wake umefunikwa kwa chungu kidogo kilichopinduliwa, na mahali vinapokutana pamezibwa kwa udongo. Nilinyoosha mkono nikivute kwenye mwanga. "Hicho kiache," alisema nyuma yangu. Nikamweleza kwamba lazima kila kitu kipimwe. "Kipime hapo hapo kilipo, usikitikise." Sauti ile sikuwa nimeisikia kabla. Nikapima nikiwa nimechuchumaa, na nikaandika: chungu, kikuukuu, na kifuniko. Kilikotoka, hakujulikani. Matumizi, pengine ya kuhifadhia nafaka. Bwana aliisoma kadi jioni ile na kuweka alama ya vya kubaki bila hata kuinua kikombe, na asubuhi yake Mama Nakundwa, nilipomwambia, alisema tu, "Vizuri," akaendelea kufagia.

Yangeishia hapo kama nisingekuwa na masikio. Wiki chache baadaye alikuja mgeni, Mzungu wa shamba la mkonge, akakaa na Bwana barazani wakati mimi niko dirishani naandika. Walizungumza habari za meli, bei ya makasha, na nani atachukua nyumba. Mgeni akauliza juu ya vitu visivyokwenda. Bwana akacheka, akasema yule atakayechukua nyumba anataka kutengeneza njia ya gari, basi vigae vya chini ya ngazi vitafaa kujazia mashimo. Nilisikia maneno hayo vizuri, kwa Kiingereza nilichojivunia kukielewa. Kwamba yalikuwa mzaha wa watu wawili wanaokunywa chai, hilo sikulielewa. Kiingereza cha darasani kilinifundisha maneno na hakikunifundisha jinsi wenyewe wanavyotania. Nilikimbia kibandani na kumwambia Mama Nakundwa kwamba vile vyungu vitavunjwa vitupwe barabarani.

Aliacha kupuliza moto. Akamwambia Nakundwa aende akachote maji, ingawa mtungi ulikuwa umejaa. Nakundwa alitoka na kusimama nyuma ya mlango. Najua, kwa sababu nilikuwa nauona mguu wake.

"Yule ni baba yangu," Mama Nakundwa alisema.

"Nani, Mama?"

"Uliyemwandika chungu kikuukuu."

Kisha alinieleza, kwa Chasu, bila kunitazama. Zamani, kabla ya misheni kutufundisha vingine, mtu mzima wa ukoo alipokufa alizikwa, na baada ya misimu kadhaa wenyewe walimfukua, wakakichukua kichwa chake, wakakiweka ndani ya chungu katika msitu wa ukoo, pamoja na wa kabla yake. Kukiwa na ugonjwa, au mvua ikikawia, au mtoto akitaka kuoa, watu walikwenda pale na dengelua, pombe ya miwa, wakammwagia kidogo na kumwambia. Msitu wa ukoo wao ndio ule aliofyeka Mjerumani. Vyungu vingine vilivunjwa na majembe. Kimoja kilikuwa kizima, yule bwana akakipenda, akakipeleka nyumbani. Chungu hicho kilifinyangwa na mama yake Nanzighe mwenyewe, mfinyanzi aliyekuwa amekatika ncha ya kidole gumba. Alama za gumba lile fupi zilizunguka shingo yote ya chungu, na mimi nilizipima kwa futi yangu na kuziita pambo. Kaka zake wawili walichukuliwa upagazi katika vita vya Wajerumani na Waingereza, hawakurudi. Akabaki yeye, mwanamke, ambaye kwa desturi hakuwa na kazi ya kusema na wa msituni. "Lakini nisiposema mimi, aseme nani, basi?" aliniuliza. Alipopata mimba ya Nakundwa, baada ya kuzika watoto wanne, alipanda akaomba kazi ya kufagia nyumba ile. Alikuwa ameifagia tangu siku hiyo. Kila asubuhi alipiga magoti chini ya ngazi na kumwambia baba yake habari za nyumbani, kwa sauti ambayo Wazungu walidhani ni wimbo.

Nikamwuliza kwa nini hajamwomba Bwana Pelham, mtu mpole vile. Alinitazama kwa mara ya kwanza. "Asiyejua maana haambiwi maana, mwanangu. Mzungu kitu asichokijua hukitupa chini ya ngazi. Akishakijua, hukipenda. Mimi nangoja aondoke. Amebakiza miezi. Chungu kitabaki, nami nitaingia nimbebe baba yangu mgongoni, nani atanizuia?"

Hapo ndipo nilipofanya lile ninalolisema leo. Nilimshawishi. Haikuwa siku moja. Ilikuwa karibu wiki tatu, kila jioni, makande yakipoa kwenye sahani. Nilimwambia barabara inakuja, chungu kitasagwa kabla hajakigusa. Nilimwambia Bwana ni mtu wa haki, akijua kwamba ndani mna mtu, na mtu huyo ana binti, atakirudisha siku hiyo hiyo. Nilimwambia nitaliandika jambo lenyewe lote, vizuri, kwa Kiingereza ambacho hakitamwachia nafasi ya kukataa. Nakundwa alikuwa upande wangu. "Mama, Eliwaza anawajua," alikuwa akisema. Niliamini kila neno nililolitamka. Lakini nitakuwa mnafiki nisiposema pia kwamba nilishaiona kadi ile kichwani mwangu, ndefu kuliko zote, na Bwana akiisoma barazani na kuniita. Nilitaka kumsaidia na nilitaka kusifiwa. Lipi lilikuwa zito zaidi, nimejiuliza maisha yangu yote na sijapata mizani ya kupimia. Siku alipokubali hakusema amekubali. Alisema tu, "Jina la baba yangu utaliandika sawasawa?" Nikasema nitaliandika sawasawa. Akanitajia, na jina la baba wa baba yake, na la mlima uliokuwa na msitu ule.

Niliandika kadi mbili nikiziunganisha kwa pini. Sikuwahi kuandika vizuri vile kabla, wala sijaandika hivyo tena. Bwana Pelham alizisoma amesimama. Aliziweka chini, akaja chini ya ngazi mwenyewe, akapiga magoti yake ya uzee kwenye sakafu ile iliyofagiliwa, na nikadhani ameguswa. Alikuwa ameguswa kweli. "Miaka yote hii," alisema, "nimekaa nacho miaka yote hii bila kujua!" Macho yake yalikuwa na furaha ya mtoto. Mzee Rashidi na mtunza bustani walikibeba mpaka chumba cha tatu, kwenye meza yenye mwanga. Ilikuwa siku ya soko, Mama Nakundwa na binti yake wameshuka Same kuuza ndizi. Bwana alichukua kisu chembamba akakizungusha kwenye ule udongo wa kifuniko taratibu kabisa, mtu mwenye adabu, na chungu kidogo kikainuka. Kisha alinigeukia na kunipa futi. Alisema maelezo ni mazuri sana ila mstari wa vipimo haujakamilika.

Nilipima. Nilikuwa mtoto wa misheni, nimefundishwa kwamba mambo yale ni giza la wazee, na nilitaka Bwana aone kwamba mkono wa msomi hautetemeki. Haukutetemeka. Nilipima urefu, upana, na mzunguko wa kichwa kile, nikaandika, nikakausha wino. Hilo sikumwambia Mama Nakundwa, na Nakundwa amekwenda kaburini bila kulijua. Mbali na Bwana, Mzee Rashidi peke yake aliona, naye alitoka nje akanawa mikono mpaka viwiko, na tangu siku ile aliniwekea chakula mezani badala ya kula nami. Alama nyekundu kwenye kadi ilibadilishwa jioni hiyo hiyo. Daraja la kwanza.

Waliporudi kutoka sokoni niliwaambia lile nililoweza kusema, kwamba Bwana amekipenda na anataka kukipeleka Uingereza. Nakundwa alipiga kelele. Mama yake alimnyamazisha kwa mkono, akatua tenga lake, akaketi kwenye jiwe la mlangoni. "Nisomee ulichoandika," alisema. Nilikuwa na nakala yangu. Nikasoma, nikigeuza kwa Chasu neno kwa neno, jua likiwa bado juu na kuku wakipita katikati yetu. Nilisoma jina la baba yake na akaitikia kwa kichwa. Nilisoma udongo ulikotoka, gumba la mama yake, msitu, dengelua, watoto waliokwenda kuomba mvua. Alisikiliza yote kwa umakini ule ule aliouweka katika kazi zake. Nilipomaliza alisema, "Umeandika vizuri. Hukukosea hata mahali pamoja." Kisha akauliza, "Na hapo umeandika kwamba namtaka?"

Niliitazama kadi. Kulikuwa na namba, jina, vipimo, kilikotoka, matumizi, maelezo. Nilikuwa nimejaza mistari yote na kugeuza nyuma, na mahali popote sikuwa nimeandika kwamba binti yake yu hai, anafagia nyumba hii, na anamtaka. Nilidhani mtu akisoma atajua. "Hapana, Mama," nilisema. "Haya," alijibu, akainuka akaingia kuinjika chungu cha jioni.

Nilirudi kwa Bwana asubuhi yake na nikasema sasa kwa mdomo kile ambacho kalamu ilikiacha. Nilisema nikilia, na Kiingereza changu kilivunjikavunjika. Alinisikiliza hadi mwisho, akanipa leso yake. Kisha alinieleza kwa upole ule ule kwamba hapa msitu haupo tena, ukoo umebaki mwanamke mmoja, yeye akifa kitapasuliwa na watoto wanaocheza. Kule kitahifadhiwa milele, na kadi yangu pamoja nacho. Alisema nimekifanyia kitu kile wema mkubwa na kwamba siku moja nitajivunia. Hakuwa mtu mkatili. Ningekuwa na nafuu kama angekuwa mkatili. Makasha yalifungwa wiki ile, yakapigwa misumari, yakashushwa Same kwa lori mpaka stesheni, yapande gari moshi la Tanga. Mama Nakundwa hakushuka. Asubuhi ile alifagia chini ya ngazi kama kawaida yake, ila nilipopita sikusikia sauti yoyote.

Bwana Pelham mwenyewe aliondoka mwezi uliofuata. Siku moja kabla, alituita wote barazani, Mzee Rashidi, mtunza bustani, Mama Nakundwa, Nakundwa na mimi. Alikuwa amevaa koti. Alisema, na mimi nikatafsiri, kwamba tumemtumikia vizuri, na kwamba vitu vyote vilivyobaki vya chini ya ngazi ni vyetu. Hana haja navyo, na mwenye nyumba mpya hana haja navyo, kila mtu abebe anachotaka. Nilimwuliza, na sauti yangu naikumbuka, je, na ile njia ya gari, yale mashimo? Hakuelewa nasema nini. Nilipomkumbusha alicheka. "Ule ulikuwa mzaha, Eliwaza," alisema. "Sikuzote nilipanga kuwapa wafanyakazi."

Mzee Rashidi alichukua taa. Mtunza bustani alichukua tandiko na mitungi miwili. Nakundwa, ambaye alikuwa bado mtoto kidogo pamoja na yote, alibeba kile kigoda cha miguu mitatu na kukikumbatia kifuani. Mama yake alibaki amesimama, mikono ameifunga ndani ya kanga. Bwana Pelham aliliona hilo, na kwa kuwa alikuwa mtu mwenye kuona mambo madogo, aliniambia nimwambie kwamba yeye ndiye aliyefanya kazi miaka mingi kuliko wote, kwa hiyo achague chochote, hata cha vyumbani, achague anachokipenda.

Nikamwambia. Mama Nakundwa alimtazama yule mzee, si kwa chuki, kwa namna ya mtu anayetaka kumjua mwenzake kabla hajapita. Akasema kwa Chasu, polepole, nipate kushika kila neno, "Mwambie nilikuwa na kimoja tu."

"Amesema nini?" Bwana aliniuliza, akitabasamu.

"Anasema asante," nilimjibu kwa Kiingereza.

Nakundwa alikuwa na madarasa manne ya misheni, na neno lile la Kiingereza alilijua. Alinitazama. Kisha akakiweka kigoda sakafuni, akamshika mama yake mkono, wakashuka ngazi za baraza wakielekea njia ya Vudee, na mimi nikabaki nimesimama kando ya Bwana Pelham, naye ananishukuru kwa kazi nzuri.